Taamuli ya Kibudha bila Kuingia Dini: Njia Tatu Zikilinganishwa kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Wapo watu Unguja na Pemba waliosikia kwamba taamuli ya Kibudha, yaani kule kukaa kimya na kuifuatilia pumzi, hupunguza wasiwasi na humsaidia mtu kujizuia anapoghadhibika. Wangependa kuijaribu, lakini hukwama mahala pamoja: hawataki kuingia dini nyengine, na hawataki pia kuambiwa kwamba jambo fulani halina dini, kisha wakakuta ndani yake viapo na visomo vya ibada. Tahadhari hiyo ni ya haki na inastahili kujibiwa kwa uwazi, kwa sababu njia zinazotangazwa kuwa hazina dini zinatofautiana sana, na tofauti hizo hujulikana aghalabu baada ya mtu kuwa keshajiandikisha.

Nitazipima njia tatu kwa mambo matano: kile ambacho kila moja inakitaka kwa imani ya mtu, muda inaouchukua na namna unavyoingia katika nyumba zetu, upatikanaji wa mwalimu, mahali na gharama, usalama wake kwa akili, na kina cha mafunzo yenyewe. Kwa maoni yangu suala la imani na suala la usalama ndiyo mazito zaidi kwa msomaji wa hapa, kwa hivyo nitayakalia kwa urefu.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni kozi ya wiki 8 iliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, ambayo inajulikana duniani kwa herufi MBSR, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya kupunguza msongo wa mawazo kwa uangalifu. Kabat-Zinn alisomea baiolojia ya molekuli, na taamuli alijifunza kwa walimu wa Kibudha, akiwemo Seung Sahn wa Korea. Aliyachukua mazoezi, akayaacha matambiko na mafundisho ya imani, akayapeleka kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambao matibabu ya kawaida hayakuwatosheleza.

Ya pili ni kozi ya siku 10 ya Vipassana, yaani taamuli ya kuzichunguza hisia za mwili, kama ilivyosambazwa na S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, Burma (sasa Myanmar), mwaka 1924 na kufariki mwaka 2013. Goenka alikuwa akisumbuliwa na kipandauso, na katika kutafuta tiba alifika kwa U Ba Khin, mtumishi wa serikali aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa Burma na huku akifundisha taamuli. Mwaka 1969 Goenka alianza kufundisha India, na kutoka huko kozi zake zilienea duniani.

Ya tatu ni kuyasoma mafundisho ya Budha kama mwongozo wa maisha, bila ya imani za kuzaliwa upya na bila ya ibada, huku mtu akikaa nyumbani kwake kila siku. Mtetezi wake anayejulikana zaidi ni Stephen Batchelor, aliyezaliwa Scotland mwaka 1953, ambaye alikuwa mtawa katika mila ya Tibet na baadaye katika Zen ya Korea, tawi la Ubudha linalosisitiza taamuli, kabla ya kuuacha utawa katika miaka ya 1980.

Programu za simu zinazomwongoza mtu kwa dakika kumi kumi sikuzihesabu kuwa njia ya nne. Zinafaa kwa kuonja, na nyingi hukopa mazoezi yake kutoka kwenye njia ya kwanza.

Kila njia inataka nini kwa imani yako

Kozi ya wiki 8 haina kiapo, haimtaji Budha kwa lazima, wala haimtaki mtu aamini au aache kuamini chochote. Mazoezi yake ni kuupitia mwili kwa fikra kiungo baada ya kiungo, kukaa na pumzi, kutembea polepole na kunyoosha viungo kwa mikao myepesi ya yoga. Zoezi la mwanzo kabisa hufanywa kwa zabibu kavu, na hapa kwetu tende inatosha. Unaishika kati ya vidole viwili, unaitazama mikunjo ya ganda lake na pale inapong'ara penye kikonyo, unainusa, kisha unaiweka juu ya ulimi bila ya kuitafuna na kuyasikia mate yanavyojaa. Ndipo unapoiuma mara moja tu na kungoja, mpaka utamu wenyewe uenee mdomo mzima. Tende moja inaweza kuchukua dakika tano. Mtu anayesema Bismillahi kabla ya kuitia mdomoni havunji sharti lolote la kozi, na mtu asiyesema kitu hapungukiwi. Kinachowatia shaka baadhi ya watu ni ile mikao ya yoga, kutokana na asili yake ya Kihindu. Kwenye kozi inafundishwa kama mazoezi ya viungo tu, na asiyeridhika nayo anaweza kumwambia mwalimu na kutumia muda huo kutembea au kujinyoosha kwa namna aliyoizoea.

Kozi ya Vipassana inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaposoma tangazo bila ya kusoma masharti. Goenka alisisitiza maisha yake yote kwamba anachofundisha si mali ya dini yoyote, na ni kweli kwamba watu wa dini mbalimbali wamehudhuria. Hata hivyo, kanuni za kozi zinataka kwamba kwa muda wote wa siku hizo mshiriki aache kila aina ya sala, ibada na desturi za kidini: kufunga, kufukiza udi, kuhesabu tasbihi, kusoma nyiradi. Sababu inayotolewa ni kwamba mbinu ipewe nafasi ya kujaribiwa peke yake bila ya kuchanganywa, na wanaeleza wazi kuwa hawazilaani ibada hizo. Isitoshe, mwanzoni mwa kozi mshiriki hutamka maneno ya kujikabidhi kwa Budha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya ya wafuasi, na huahidi kushika masharti matano ya mwenendo. Visomo vya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, vilivyorekodiwa kwa sauti ya Goenka husikika kila siku. Walimu wa kozi hueleza kwamba kujikabidhi huko ni kwa sifa za kuamka na kusafika ambazo kila mtu anaweza kuzikuza, wala si kwa mtu fulani. Mshiriki ataamua mwenyewe kama maelezo hayo yanamtosha.

Kwa Muislamu suala haliishii kwenye ladha. Swala tano ni faradhi kila siku, na hakuna muda wa majaribio unaoziondoa. Anayevutiwa na kozi hii awaandikie waandaaji kabla ya kuomba nafasi, awaulize waziwazi kuhusu swala, na aulize pia kwa mwanachuoni anayemwamini. Asitegemee kwamba mambo yatarekebishwa akishafika. Mkristo anayesali kila siku atakabiliwa na sharti hilohilo. Asiye na dini hataona uzito katika kuacha sala, lakini naye ajiulize kama yuko tayari kutamka maneno ya kujikabidhi ambayo hayaamini.

Njia ya tatu haimtaki mtu aache ibada yake wala atamke chochote, lakini inamweka uso kwa uso na mawazo ya Kibudha kwa jina lake. Atasoma kuhusu tabu ya maisha, kuhusu uchu unaoichochea tabu hiyo, kuhusu kutulia kwa uchu huo, na kuhusu njia yenye sehemu nane inayohusu mtazamo, nia, maneno, vitendo, kazi, juhudi, uangalifu na utulivu wa akili. Batchelor anapendekeza kwamba haya yachukuliwe kama kazi nne za kufanywa badala ya kweli nne za kuaminiwa. Wanaoifuata njia hii huegemea sana ule usia wa Budha kwa watu wa Kalama, kwamba wasikubali neno kwa sababu tu limesikika, limerithiwa au limesemwa na mwalimu, bali walitazame linavyozaa matunda maishani mwao. Masharti matano ya mwenendo, yaani kutoua, kutoiba, kujizuia na zinaa, kutosema uongo na kuepuka vileo, hayatakuwa mageni kwa mtu aliyelelewa hapa. Hata hivyo ni haki kusema kwamba mafundisho haya hayakujengwa juu ya Muumba, na msomaji ambaye imani yake bado inayumba anaweza kutikiswa nayo. Kutoka upande wa pili, Wabudha wa kimapokeo nao wana malalamiko: Bhikkhu Bodhi, mtawa na mfasiri wa Kimarekani, ni miongoni mwa wanaoona kwamba ukiondoa kuzaliwa upya umeondoa sehemu muhimu ya mafundisho yenyewe.

Niongeze jambo ambalo linasahauliwa katika mazungumzo haya. Visiwani mwetu kuna dhikri, nyiradi na murakaba katika tarika za Kadiria, Shadhilia na Alawia, chini ya masheikh wanaojulikana. Mtu ambaye kiu yake ni kumkaribia Mwenyezi Mungu ana mlango wake huko, na hakuna hata moja kati ya njia hizi tatu iliyoundwa kwa kiu hiyo.

Muda na nyumba tunazoishi

Kozi ya wiki 8 ina darasa moja la takriban saa mbili na nusu kila wiki, siku moja nzima ya ukimya inayowekwa karibu na wiki ya sita, na mazoezi ya nyumbani ya kama dakika 45 kwa siku, siku sita za wiki. Dakika 45 ni nyingi katika nyumba ya watu wengi, ambapo hodi haikatiki na watoto wanatoka skuli kwenda chuoni. Wakati unaotulia kwa wengi ni baada ya swala ya Alfajiri kabla ya nyumba kuamka, ilmradi mtu amelala mapema. Zoezi la kuupitia mwili hufanywa kwa kulala chali juu ya mkeka, na katika joto la kaskazi usingizi huja haraka. Ukiona hivyo, lifanye umekaa kwenye kiti. Panga pia kozi isiingiliane na Ramadhani, kwa sababu ratiba ya usingizi na chakula hubadilika yote, na wiki nane zilizokatwa katikati hupoteza mfululizo wake.

Vipassana haigawiki. Ukihesabu siku ya kufika na ya kuondoka ni siku 12 mbali na nyumbani, bila ya simu, vitabu wala kalamu. Kengele hulia saa 10 alfajiri, taa huzimwa saa 3:30 usiku, na kati yake kuna takriban saa 10 za kukaa. Chakula kikuu cha mwisho ni cha mchana. Saa 11 jioni mshiriki mpya hupata matunda na chai. Wanaume na wanawake hukaa mbalimbali, na mazungumzo baina ya washiriki hayaruhusiwi mpaka siku ya kumi. Baada ya kozi, mwanafunzi anashauriwa kukaa saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku. Mama mwenye mtoto mchanga, mwenye duka asiye na msaidizi, au mkulima wa Wete wakati karafuu ziko mitini hawezi kuupata muda huo, na hapaswi kujilaumu kwa hilo.

Njia ya tatu hubeba chochote ulichonacho, hata robo saa. Udhaifu wake upo hapohapo: kwa kuwa hakuna anayekungoja, ni rahisi kusoma miezi mingi na kukaa mara chache. Anayeichagua ajipangie saa maalumu na asiibadilishe.

Mwalimu, mahali na gharama

Kwa kozi ya wiki 8 walimu wenye mafunzo rasmi hutoza ada, na mara nyingi ada hiyo ni kubwa kwa kipato cha hapa. Ipo hata hivyo Palouse Mindfulness, kozi kamili inayofuata mpangilio huohuo na inayopatikana bure kwenye intaneti. Tatizo ni Kiingereza chake na bando unalolitumia; zipakue rekodi zote mapema, usije ukakwama umeme ukikatika.

Vipassana haina ada ya mafunzo, malazi wala chakula. Huendeshwa kwa michango ya watu waliokwisha kumaliza kozi, na huo ni utaratibu wa kuheshimiwa. Gharama iko kwenye safari. Kituo cha Dhamma Pataka kiko karibu na Worcester, Afrika ya Kusini, na kozi zimekuwa zikiandaliwa pia Kenya. Kwa hiyo hesabu nauli, hati ya kusafiria na likizo.

Njia ya tatu inagharimu vitabu na mikutano ya mtandaoni. Wengi huuliza kuhusu hekalu la Wabudha lililoko Upanga, Dar es Salaam, ambalo mtu anaweza kulifikia kwa boti ya kama saa mbili kutoka Unguja. Hekalu hilo lina asili katika jamii ya Wasinhala waliotoka Ceylon (sasa Sri Lanka), na ni la mila ya Theravada, tawi kongwe la Ubudha. Ni nyumba ya ibada. Mgeni aingie kwa adabu, avue viatu, aulize anachotaka kujua, wala asitarajie kufundishwa Ubudha ulioondolewa dini.

Usalama wa akili

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, yaligundua kwamba programu za taamuli hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, bila ya ushahidi kwamba zinashinda matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2022 jaribio la watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi liliilinganisha kozi ya wiki 8 na dawa ya escitalopram, na matokeo ya kozi hayakuwa duni kuliko ya dawa. Kozi ya wiki 8 ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi kati ya hizi tatu, na dozi yake ni ndogo kiasi cha mtu kuweza kusimama akiona hali yake inaharibika.

Ukimya wa siku nyingi ni jambo jengine. Mtu anapokaa saa 10 kwa siku bila ya kusema na mtu, mambo aliyoyafunika huibuka: msiba ambao hakuulilia, dhuluma ya utotoni, hofu isiyo na jina. Wengi huvuka salama na hushukuru. Wapo pia wanaopatwa na hofu kali, kukosa usingizi au kuchanganyikiwa kunakoendelea baada ya kurudi nyumbani. Waandaaji wa Vipassana wenyewe huuliza kuhusu historia ya maradhi ya akili kwenye fomu, na hawawashauri wenye maradhi makubwa kujiunga. Jibu fomu hiyo kwa ukweli mtupu, hata kama unaogopa kukataliwa. Mtu aliyewahi kusikia sauti, kupata wazimu wa vipindi au kufikiria kujiua asiende kwenye kozi ya ukimya bila ya kushauriana na daktari, na anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya taamuli. Unguja kuna hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na kwenda huko kuuliza ni jambo la busara lisilo na aibu yoyote.

Njia ya tatu kwa kawaida ni salama kwa sababu ni ya polepole, ila mtu huwa peke yake. Awepo japo mmoja nyumbani anayejua unachokifanya.

Kina

Kozi ya wiki 8 ina lengo dogo na inalitimiza: mtu ajifunze kuuona msukosuko wa akili kabla haujamtawala. Haitamwambia aishi vipi na jirani yake. Vipassana inatoa kile ambacho mazoezi ya nyumbani hayawezi kukitoa kwa urahisi, yaani mfululizo wa siku nyingi ambamo umakini unakuwa mkali na hisia ndogondogo za mwili zinaonekana wazi. Siku tatu za mwanzo ni za pumzi peke yake, na siku zinazofuata ni za kuzipitia hisia za mwili mzima bila ya kuzikimbilia wala kuzikimbia. Ya tatu ndiyo pana zaidi, kwa sababu inagusa kauli, biashara na mapenzi, na ndiyo inayomtaka mtu afikiri sana.

Kwa hali yako

Kama shida yako ni wasiwasi, maumivu ya muda mrefu au usingizi, na hutaki suala la dini liingie kabisa, anza na kozi ya wiki 8. Hapo sina shaka hata kidogo. Ukiwa umewahi kuanguka kwenye huzuni kubwa mara kadhaa, muulize daktari kuhusu kozi ndugu yake, inayojulikana kwa herufi MBCT, iliyoundwa na wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale kwa ajili ya kuzuia huzuni isirudi.

Kama umekwisha kukaa kila siku kwa muda wa kutosha, akili yako iko imara, huna mtu anayekutegemea kwa siku 12, na umeridhika kwa dhati na masharti ya ibada yaliyoelezwa hapo juu, Vipassana inaweza kukufikisha mbali. Ukikosa moja kati ya hayo manne, ngoja.

Kama wewe ni mtu wa kusoma na kuhoji, na kinachokuvuta ni namna ya kuishi zaidi ya namna ya kutulia, njia ya tatu itakufaa, hasa ukipata mwenzako mmoja wa kukaa naye jioni mkazungumza mlichokisoma na kuulizana kama mmekaa.

Kama wewe ni Muislamu unayeswali na unataka tu mbinu ya kuutuliza moyo uliojaa mambo ya kazi, chukua pumzi na kuupitia mwili kutoka kozi ya kwanza, viweke baada ya Alfajiri na nyiradi zako, na uache mengine.

Na kama bado huwezi kuamua, jaribu wiki mbili za dakika 15 kwa siku kwenye kiti, mgongo umesimama, ukiihesabu pumzi moja hadi kumi na kuanza upya kila unapopotea. Andika kwa mstari mmoja kila siku ilikuwaje. Ukiona umekaa siku nyingi kuliko ulizoacha, kozi ya wiki 8 utaiweza. Ukiona maandishi yako yamejaa maswali kuliko maelezo ya pumzi, anza na vitabu. Na ukiona kila kikao kinakuachia hofu au kinakukosesha usingizi, simama na uonane na daktari kabla ya kuendelea.